Dagaa Walipoondolewa: Kisa cha Kuku wa Mayai Pembezoni mwa Jiji la Mbeya

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja mfugaji wa upande wa Uyole, aliyekuwa na kuku wa mayai 360 wa rangi ya kahawia. Kuku 300 waliishi katika banda kubwa, na 60 waliobaki walikuwa katika chumba kidogo kilichotenganishwa na banda hilo kwa ukuta mmoja tu. Wote walitoka katika kundi moja la vifaranga, walichanjwa pamoja na kuhudumiwa na kijana yule yule. Walipofikisha umri wa wiki 38 banda kubwa lilikuwa likitoa trei 8 kwa siku, yaani mayai 240, ambayo ni asilimia 80 ya kuku waliokuwamo. Wiki tano baadaye zilikuwa zinaokotwa trei 5, mayai yamepungua ukubwa, maganda yamekuwa mepesi kiasi cha kuvunjika katika kuokotwa, na kuku kadhaa walikuwa wakishinda wamelala pembeni kwa kushindwa kusimama. Mnunuzi wake wa Mwanjelwa, anayewauzia watu wa chipsi, alikuwa amekwisha kurudisha trei mbili zilizofika zikiwa zimepasuka.

Kilichobadilika katikati ya hali hizo mbili ni chakula. Mwishoni mwa Mei dagaa walipanda bei sokoni, jambo ambalo katika ukanda huu halishangazi, kwa sababu kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huchafua Ziwa Nyasa na wavuvi wa usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo, wa upande wa Kyela hukosa usiku mwingi wa kuvua, na hata ziwa linapotulia uvuvi wa taa husimama mwezi unapokuwa mpevu. Isitoshe, dagaa ni kitoweo kabla ya kuwa chakula cha kuku, na wanapoadimika mfugaji hushindana bei na jikoni. Mama huyu aliamua kuwaondoa dagaa wote na kuweka soya mahali pao. Uamuzi wenyewe ulikuwa na mantiki: soya inalimwa Ruvuma, Njombe, Iringa na hapa hapa Mbeya, kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa aina zake kadhaa, na yeye alikuwa na magunia yake mwenyewe ghalani.

Fomula aliyokuwa akiitumia zamani, kwa kila kilo 100, ilikuwa na kilo 50 za mahindi yaliyoparazwa, kilo 12 za pumba za mahindi, kilo 18 za mashudu ya alizeti, kilo 11 za dagaa, kilo 7.5 za chokaa ya mifugo, kilo 1 ya unga wa mifupa, na robo kilo ya chumvi pamoja na robo kilo ya mchanganyiko wa vitamini na madini ambao wafugaji huuita primiksi. Fomula mpya ilikuwa na mahindi kilo 42, pumba kilo 14, mashudu kilo 20, soya iliyosagwa kilo 16, chokaa kilo 7.5, na chumvi na primiksi kama zamani. Unga wa mifupa ulitoka pamoja na dagaa, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vikinunuliwa kwa muuzaji mmoja. Fomula hiyo aliipata kwa mfugaji mwenzake wa Mbalizi, ambaye kuku wake walikuwa wakitaga vizuri kwayo.

Kabla ya kuuhukumu mchanganyiko mpya ni haki kuufanyia hesabu aliyoifanya yeye mwenyewe. Tukichukua viwango vya kawaida vya protini, yaani asilimia 8.5 kwa mahindi, 10.5 kwa pumba, 25 kwa mashudu ya alizeti yasiyotolewa maganda, 37 kwa soya nzima na 55 kwa dagaa safi wasio na mchanga, fomula ya zamani inatoa protini ya asilimia 16 na fomula mpya inatoa asilimia 16 pia. Kuku wa mayai anahitaji kati ya asilimia 16 na 17. Kwa kipimo cha protini, basi, mama huyu alifanya hesabu sahihi, na mtu anayesema kwamba alibahatisha anamwonea. Tatizo ni kwamba alihesabu kazi moja tu ya dagaa, ilhali dagaa ndani ya fomula ile walikuwa na kazi nne au tano, na zile nyingine hazikupewa mrithi.

Ugonjwa ulipaswa kuondolewa kwanza

Mayai yanapopungua na maganda yanapolegea, chakula si mtuhumiwa wa kwanza. Kideri hupunguza utagaji hata kwa kuku waliochanjwa iwapo kinga yao imeshuka. Ugonjwa wa kuambukiza wa mirija ya hewa huleta mayai yenye maganda yaliyopinda na ute mwepesi kama maji. Na uko ugonjwa wa virusi unaowafanya kuku wanaoonekana wazima kabisa watage mayai yasiyo na ganda, ambao kwa kuku wa kahawia hutanguliwa na kupauka kwa rangi ya ganda. Katika banda hili hakukuwa na kikohozi wala kukoroma, hakuna shingo iliyopinda, ute ulikuwa mzito, na rangi ya kahawia ilibaki ile ile hata kwenye mayai yaliyokuwa mepesi kama karatasi.

Msimu nao ulikuwa na hoja yake. Mwezi Juni mchana wa Mbeya hushuka hadi takribani saa 11 na nusu za mwanga, na usiku baridi huteremka chini ya nyuzi 10, mambo ambayo hupunguza mayai yakiachwa bila kurekebishwa. Lakini taa za banda zilikuwa zikiwashwa alfajiri na jioni hata mwanga ukafika saa 15 kwa siku, ratiba haikuguswa, na chumba kidogo kilipata mwanga na baridi sawa na banda kubwa.

Chumba hicho kidogo ndicho kilichokata shauri. Siku chakula kilipobadilishwa, yalikuwa yamebaki magunia matatu ya kilo 50 ya mchanganyiko wa zamani, na kwa kuwa hayakutosha kuku 300, yalipelekwa kwa wale 60. Kuku 60 wanaokula gramu 120 kila mmoja humaliza kilo 7.2 kwa siku, kwa hiyo magunia hayo yalidumu karibu wiki tatu. Katika wiki hizo tatu banda kubwa lilikuwa likiteremka huku chumba kidogo kikitaga kama kawaida, kwa ganda gumu. Magunia yalipokwisha, wale 60 nao wakahamia chakula kipya, na kabla siku kumi hazijapita mayai yao yakaanza kupasuka. Mfugaji hakupanga jaribio lolote, lakini watafiti wengi wangefurahi kupata ulinganisho safi kama huo: kundi moja, chanjo moja, mhudumu mmoja, tofauti ni gunia tu.

Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ilifikiriwa pia, kama inavyopaswa kufikiriwa kila mahali penye mahindi na mashudu yaliyohifadhiwa, hasa kwa nchi ambayo mwaka 2016 ilipoteza watu Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi ya mama huyu yalikuwa makavu na hayana ukungu, tena ni yale yale yaliyotumika katika fomula zote mbili. Kuku wawili waliokuwa wamelala walichinjwa, na maini yao yalikuwa na rangi na ukubwa wa kawaida. Mambo matatu, hata hivyo, hayakuwa ya kawaida: kongosho lililo katika mkunjo wa mwanzo wa utumbo lilikuwa nene kupita kiasi, mbavu ziliweza kukunjwa kwa vidole bila kukatika, na ndani ya ovari vijiyai vikubwa vya manjano vilikuwa vichache na vimesinyaa.

Soya mbichi

Kongosho nene linaelekeza moja kwa moja kwenye soya. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya ambacho kongosho hukitoa ili kuvunja protini utumboni. Tripsini inapofungwa, protini hupita bila kumeng'enywa vizuri, na kongosho, likipata ishara kwamba kazi haijafanyika, huongeza uzalishaji na kutanuka. Hasara inakuwa ya pande mbili, kwa sababu vimeng'enya hivyo vinavyomwagwa bure navyo ni protini, tena yenye asidi amino (vijenzi vya protini) za salfa kwa wingi, ambazo ndizo chache zaidi katika mchanganyiko wa soya na mahindi. Kuku hulazimika kuzilipa kutoka mwilini mwake.

Hapa methionini, mojawapo ya asidi amino hizo za salfa, ndiyo ya kutazamwa. Katika fomula ya zamani ilikuwa takribani asilimia 0.38 ya chakula, na sehemu kubwa ya hiyo ilitoka kwa dagaa. Katika fomula mpya ilishuka hadi karibu 0.30, ingawa protini kwa jumla haikupungua hata kidogo. Laisini, asidi amino nyingine, ilishuka kwa uwiano mdogo zaidi, kutoka karibu 0.78 hadi 0.70, kwa kuwa soya ina laisini nyingi. Kwenye karatasi 0.30 ya methionini si njaa. Kuku mzima anaweza kutaga nayo, lakini bila akiba yoyote. Ikiongezewa protini isiyomeng'enyeka na kongosho linalomwaga salfa, ukingo huo mwembamba unavunjika, na dalili ya kwanza huwa ni yai kupungua uzito, ndipo idadi hufuata.

Mfugaji wa Mbalizi aliyetoa fomula alikuwa akikaanga soya yake kabla ya kuisaga. Neno hilo halikuandikwa kwenye karatasi iliyonakiliwa, labda kwa sababu yeye aliliona ni jambo la wazi, na ndivyo fomula nyingi zinavyosafiri kutoka mkono hadi mkono katika simu zetu: kilo zinafika, maandalizi yanabaki nyuma.

Hata hivyo sikubaliani na waliosema, baada ya kusikia habari ya kongosho, kwamba soya mbichi inaeleza kila kitu. Kuku aliyekomaa huvumilia soya mbichi kuliko kifaranga. Kwa kifaranga kiasi kile kingedumaza ukuaji vibaya, ila kwa kuku wa wiki 38 hupunguza uzito wa yai na utagaji bila kulifanya ganda kuwa karatasi wala mbavu kuwa laini. Ganda na mfupa vinadai maelezo mengine.

Chokaa

Ganda la yai lina uzito wa takribani gramu 6, na karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo kila yai huondoka na kalsiamu ya gramu 2.2 hivi. Kuku hafyonzi kalsiamu yote anayoila. Hesabu ya nusu au zaidi kidogo ndiyo ya kawaida, na ndiyo sababu anahitaji kula takribani gramu 4 kwa siku, ambazo kwa kuku anayekula gramu 120 ni chakula chenye kalsiamu ya asilimia 3.5. Fomula ya zamani ilitoa asilimia 3.5: kilo 7.5 za chokaa ya mifugo yenye kalsiamu ya asilimia 37 zilileta karibu 2.8, na nusu asilimia na zaidi ikatoka kwa dagaa na unga wa mifupa. Dagaa na mifupa walipoondoka, ingetarajiwa upungufu usiofika theluthi, ambao huonekana kwa maganda mepesi kidogo. Kilichotokea kilikuwa kikubwa zaidi ya hapo, na sababu ilipatikana stoo, nyuma ya magunia ya pumba.

Chokaa ya kilo 7.5 iliyoandikwa katika fomula mpya haikuwa chokaa ile ile. Udongo wa sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini una tindikali, na wakulima wamekuwa wakihimizwa kumwaga chokaa ya kilimo mashambani. Mama huyu alikuwa na mifuko iliyobaki katika shamba lake la mahindi, akaona hakuna haja ya kununua nyingine. Mfuko wenyewe ulikuwa umeandikwa wazi kwamba una magnesiamu. Ilikuwa chokaa ya dolomiti, ambayo kwa shamba lililopungukiwa magnesiamu ni jambo jema kabisa. Dolomiti safi ina kalsiamu ya asilimia 22 tu na magnesiamu ya asilimia 13. Kilo 7.5 za jiwe hilo hutoa kalsiamu ya asilimia 1.65, na tukijumlisha kidogo cha mashudu na soya, chakula kizima kilikuwa na asilimia 1.75, nusu kamili ya kinachotakiwa. Kuku aliyekula gramu 120 alimeza gramu 2.1 za kalsiamu na kufyonza kama gramu moja, ilhali yai la kesho yake lilimdai 2.2. Pengo hilo lililipwa na mifupa, siku baada ya siku, mpaka mbavu zikaweza kukunjwa na miguu ikashindwa kubeba mwili.

Magnesiamu nayo haikukaa kimya. Mahitaji ya kuku ni madogo mno, chini ya sehemu ya kumi ya asilimia moja, na malighafi za kawaida huyatosheleza bila kuongezewa chochote. Dolomiti ile ilimwaga karibu asilimia moja nzima juu yake. Magnesiamu iliyozidi hushindana na kalsiamu, hudhoofisha ganda, na huvuta maji utumboni. Kijana wa banda alikuwa amekwisha kulalamika kwamba maranda yanalowa haraka kuliko zamani na kwamba kinyesi ni chepesi, malalamiko ambayo yalidhaniwa ni ya minyoo na yakatibiwa kama minyoo.

Chokaa ya kujengea, ile inayochomwa, haikuhusika katika kisa hiki, lakini kwa kuwa huuzwa karibu na hizi mbili inafaa isemwe: inaunguza mdomo na koo la kuku na haina nafasi katika chakula. Anayetaka kupambanua jiwe la kalsiamu na dolomiti nyumbani anaweza kumwagia siki kijiko cha unga wake. Jiwe la kalsiamu hutoa povu papo hapo, dolomiti hutoa kidogo na polepole. Kipimo hicho ni cha kuanzia tu, na lebo ya mfuko hubaki kuwa shahidi bora.

Kazi ya tatu iliyopotea ni ya fosforasi. Nafaka na mbegu za mafuta zina fosforasi nyingi, lakini karibu theluthi mbili yake imefungwa katika umbo ambalo kuku hawezi kulifungua bila msaada wa kimeng'enya cha kuongezwa. Ile inayopatikana kwa urahisi ilikuwa ikitoka kwenye mifupa ya dagaa na unga wa mifupa, na vilipoondoka ilishuka kutoka takribani asilimia 0.5 hadi 0.15, ambapo mahitaji ni kama 0.35 hadi 0.4. Mfupa hujengwa kwa kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, kwa hiyo kuku aliyekuwa akikopa kutoka mfupani mwake usiku hakuwa na kitu cha kuujengea upya mchana. Primiksi aliyoitumia haikuweza kuziba pengo hilo; robo kilo katika kilo 100 hubeba vitamini na madini yanayohitajika kwa chembe, kama zinki na manganisi, na haina nafasi ya madini yanayohitajika kwa kilo.

Dawa za kuongeza mayai

Kabla hajatafuta ushauri mama huyu alinunua vitu vitatu: vitamini za maji, unga wa majani ya mlonge, na dawa ya unga yenye antibiotiki ya oksitetrasaiklini iliyouzwa kwake kama ya kuongeza mayai. Vitamini hazikudhuru, ingawa vitamini D, inayomsaidia kuku kufyonza kalsiamu, haiwezi kufyonza kalsiamu isiyokuwamo. Mlonge ni jani zuri, lenye protini ya zaidi ya robo ya uzito wake likikaushwa vizuri, na kiini cha yai kikawa cha manjano zaidi kwa wiki zile, jambo lililowapendeza wateja na kumpa mfugaji matumaini ya uongo. Rangi ya kiini hutokana na rangi za asili zilizomo katika majani na mahindi ya njano. Haisemi lolote juu ya ganda wala juu ya afya ya anayetaga.

Antibiotiki ndiyo iliyonisumbua zaidi. Oksitetrasaiklini ni dawa ya bakteria, na katika banda lile hakukuwa na bakteria wa kutibiwa. Tena hushikamana na kalsiamu na magnesiamu utumboni na kupoteza sehemu ya nguvu yake, kwa hiyo hata kama kungekuwa na ugonjwa, dolomiti ingeipunguza makali. Kikubwa zaidi, mabaki yake huingia ndani ya yai, na mayai ya kipindi cha dawa na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti hayapaswi kuuzwa. Mayai hayo yaliuzwa. Wauzaji wa dawa wanaowaandikia wafugaji antibiotiki kwa kila trei inayopungua wanastahili kuulizwa maswali makali kuliko wanayoulizwa sasa.

Marekebisho na yaliyoonekana

Chokaa ilibadilishwa siku ile ile. Ilinunuliwa chokaa ya mifugo, theluthi mbili ikiwa ya chembe za milimita 2 hadi 4 na theluthi moja unga laini. Ganda hujengwa kwa takribani saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku kuku akiwa hali chochote; unga laini hupita tumboni upesi, lakini chembe kubwa hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole hadi alfajiri. Kwa sababu hiyo hiyo, kwa wiki mbili za mwanzo chembe hizo ziliwekwa pia katika chombo cha peke yake kuanzia saa 10 jioni, na kuku walizishambulia kabla ya kugusa chakula. Pamoja nayo iliongezwa DCP, yaani dikalsiamu fosfeti, ambayo huleta kalsiamu na fosforasi kwa umbo linalofyonzwa.

Soya iliachwa kwanza kama ilivyokuwa, kwa kuwa unga wa wiki mbili ulikuwa umekwisha kusagwa na haukaangiki tena kwa usawa. Kuchelewa huko kulikuwa na faida ya kielimu. Ndani ya siku kumi hivi maganda yalirudia ugumu, maranda yakakauka, na hakuna kuku mwingine aliyelala. Lakini mayai yalibaki madogo na idadi ikapanda hadi trei 6 tu. Soya iliyokaangwa ilipoanza kuliwa ndipo uzito wa yai ulipopanda na trei ya saba ikarudi katika wiki zilizofuata. Mgawanyo huo wa lawama ndio ninaousimamia: ganda na miguu ni kazi ya chokaa na fosforasi, ukubwa wa yai ni kazi ya soya na methionini, na idadi iliangushwa na vyote.

Kukaanga kunataka uangalifu wa pande zote mbili. Soya iliwekwa kwa tabaka jembamba katika nusu pipa juu ya moto wa wastani, ikageuzwa bila kuachwa, mpaka punje zikawa za kahawia hafifu hata katikati zinapopasuliwa na harufu ya umbichi ikaisha. Ikiungua na kuwa nyeusi, vizuizi vinakufa lakini laisini nayo inaharibika, na mfugaji anabaki na protini ya jina. Kuchemsha kwa nusu saa baada ya maji kutokota hufanya kazi ile ile, ila baada ya hapo lazima ianikwe ikauke, na Mbeya ya mvua au ya baridi haikaushi kitu kwa siku moja. Upo pia upimaji rahisi wa kujua kama moto umetosha: unga kidogo wa soya huchanganywa na mbolea ya yurea na maji katika chupa yenye mfuniko, na baada ya dakika 20 hufunguliwa na kunuswa. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia, na kimeng'enya hicho hufa kwa moto ule ule unaoua vizuizi vya tripsini, kwa hiyo harufu kali ya amonia ina maana kwamba soya haijaiva. Chupa hiyo humwagwa mbali na banda.

Fomula iliyotulia baada ya yote, kwa kilo 100, ina mahindi kilo 46, pumba kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 17, soya iliyokaangwa kilo 14, dagaa kilo 3, chokaa ya mifugo kilo 8, DCP kilo 1.4, chumvi gramu 300, primiksi gramu 250 na methionini ya dukani gramu 50. Protini yake ni asilimia 16, kalsiamu 3.5, laisini takribani 0.74, methionini karibu 0.37. Mashudu na soya vinafaana hapa kwa namna ambayo haiwi dhahiri kwa anayetazama protini peke yake, kwa kuwa alizeti ina methionini nzuri na upungufu wa laisini, na soya ni kinyume chake. Mashudu hayakuongezwa zaidi kwa sababu yale ya mashine ndogo za kukamua hubaki na maganda, nyuzinyuzi zake ni nyingi, na kuku hushiba kabla hajapata nguvu anayoihitaji kwa baridi ya Uyole.

Trei ya nane haikurudi. Kuku wanne waliolala walishindwa kupona na wakaondolewa, na kundi lenyewe lilikuwa limezeeka kwa wiki kadhaa. Kwa upande wa fedha, chakula kipya ni nafuu kuliko cha dagaa kilo 11, lakini nafuu hiyo ni karibu nusu ya ile aliyoitarajia alipowaondoa dagaa wote, kwa sababu kuni, DCP na methionini vinalipiwa.

Majirani wamemletea mapendekezo mengine, na baadhi ni ya kukataliwa mara moja. Mabaki ya parachichi kutoka Rungwe yana sumu inayodhuru moyo wa ndege, iwe katika majani, kokwa au ganda. Marejea, zao zuri la kurutubisha ardhi, ina mbegu ambazo kwa baadhi ya aina zake huharibu ini la kuku. Maganda ya viazi mviringo yakichemshwa na kutolewa yaliyobadilika kuwa ya kijani hayana madhara, lakini ni maji na wanga, na hayawezi kusimama mahali pa soya wala dagaa. Majani ya lukina, mti wa malisho, yakikaushwa yanafaa yakibaki chini ya kilo 5 katika mia. Pendekezo alilolikubali ni la funza wa nzi askari mweusi, anaowafuga kwa mabaki ya sokoni. Wakikaushwa wana protini ya asilimia 40 na kuendelea, na kalsiamu nyingi iliyomo katika ngozi yao. Ameanza na kilo 2 kwa kila mia katika chumba cha kuku 60, mahali pa sehemu ya soya, na kilo 3 za dagaa hajazigusa.